Mwambie Kilango Aache Kuchimba

Usiku ule nililala na uchovu wa kazi, si wa huzuni. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya Aprili, siku ambayo ndugu zetu hukutana chini ya mlima kuwaombea waliochukuliwa na maporomoko. Nyumba yetu iko kando ya barabara, kwa hiyo wageni hushukia kwetu. Mchana kutwa nilikuwa nimefagia uwanja, nimefua mashuka, nimeloweka mahindi na maharage ya makande. Mume wangu Elineema alikuwa amekwenda kanisani kuomba mabenchi ya kuazima. Mjomba Kilango alishuka kutoka mlimani jioni, akala kidogo, akajilaza kwenye mkeka sebuleni. Nikiwa kitandani nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kisha nikawa simsikii tena.

Kabla sijasema nilichokiona, niseme kwanza Bibi alikuwa nani kwangu. Mama yangu alifariki nikiwa bado sijajua kutembea. Aliyenilea ni mama yake, Bibi Nanzia, kule juu mlimani, kwenye nyumba iliyokuwa chini kidogo ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu sisi Wapare. Watu huziba bonde la kijito kwa udongo na mawe, maji yakakusanyika usiku, na asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa mfereji. Nimekua nikisikia maji hayo yakifunguliwa kabla sijafumbua macho. Kilango ndiye mtoto wa mwisho wa Bibi. Mimi nilipoolewa nikashuka huku tambarare, yeye alibaki na mama yake, akaoa, akazaa, akalima tangawizi kwenye miteremko ile.

Siku ya maporomoko mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Mke wa Kilango na watoto walikuwa kwao, Korogwe, kwenye msiba. Bibi alimwambia Kilango aniletee gunia la tangawizi kabla halijaoza, na kwamba mvua ikizidi alale huku huku kwangu, asihangaike kurudi. Alifika amelowa chapachapa, akalitua gunia barazani, nikampa chai. Alikuwa hajamaliza kikombe tuliposikia mlima. Ilikuwa sauti ya kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori, ila lori hilo halikumaliza kumwaga. Tulipotoka nje na ukungu kuachana kidogo, mahali palipokuwa na ndiva, na nyumba ya Bibi, na nyumba za majirani wake, palikuwa na mchirizi mpana mwekundu kutoka juu mpaka bondeni. Kilango alikuwa bado ameshika kikombe.

Walikuja watu wengi wenye sare, wakaja na mashine. Walichimba, wakawapata waliowapata, tukawazika. Bibi hakupatikana. Baadaye mashine ikaondoka, na wakubwa wakatangaza kwamba eneo lile si salama, mtu yeyote asiishi pale. Kilango alipanda siku hiyo hiyo waliyoshuka. Akajenga kibanda cha mabati kando ya ule mchirizi, na tangu hapo, kila masika yakilainisha udongo, anachimba. Anataka ampate mama yake amzike. Mkewe alivumilia, akachoka, akawachukua watoto akarudi kwao. Wazee wa ukoo walimwita wakamsihi. Mchungaji alimfuata mpaka kule juu, na miguu yake ile inayomuuma. Kilango huwasikiliza wote kwa adabu, huwasindikiza mpaka njiani, kisha hurudi kushika jembe.

Na siku yenyewe, siku ya mwisho ya Aprili, ilikuwa ikinong'onwa hata kabla ya hapo. Babu yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na kila mwaka alipewa ruhusa ya kuja nyumbani kwa ajili ya Mei Mosi. Kwa hiyo kwetu ilikuwa siku ya kutazama njia, na ndiyo maana tunakumbuka hali ya hewa ya siku ile kuliko ya siku nyingine. Mwaka mmoja ilianguka mvua ya mawe. Mwaka mwingine, masika yaliposhindwa kabisa, ulivuma upepo wa vumbi ukaezua kanisa. Kisha mlima ukashuka. Wapo wanaosema siku hiyo ina jambo na sisi. Mchungaji hataki kusikia maneno hayo, husema siku zote ni za Mungu. Mimi sikuwa na neno upande wowote. Nililala.

Nikamwona Bibi.

Alikuwa jikoni kwangu, amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, ungo uko mapajani. Alinipa mgongo, lakini hakuna mtu mwingine aliyekuwa akikaa vile, kisigino kimoja juu ya kidole cha mguu wa pili. Nilijua ni usiku na nilijua Elineema amelala chumbani, ila jikoni mlikuwa na mwanga wa saa tisa alasiri, ule unaoingia kwa mlango wa uani. Sikuogopa. Nilichofikiri ni kwamba sikumwandalia mahali pa kulala.

Alikuwa akichambua maharage. Vidole vyake vilikwenda taratibu, punje moja moja, na zile mbovu hakuzitupa, alizirundika pembeni. Nilimsalimu, nikainama kidogo kama nilivyofundishwa naye. Hakuitikia. Alichukua maharage kiganjani, akayanusa.

"Haya mmevuna wapi?"

Nikamwambia tumeyavuna bondeni, kwenye udongo ulioshuka. Nilimweleza kwamba udongo ule ulifunika mashamba yote ya huku chini, tukadhani yamekufa, lakini tulipojaribu kupanda, mimea ilikubali kuliko zamani. Nilikuwa nikisema kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema kwa mzazi. Bibi aliyarudisha maharage kwenye ungo, akapangusa mikono yake kwenye khanga. Hapo ndipo nilipoona kwamba khanga ni kavu. Nywele ni kavu. Nyayo zake zina vumbi jeupe, kama za mtu aliyetembea kiangazi.

Akainuka bila kushika ukuta, yeye ambaye miaka yake ya mwisho hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono. Akatoka kwa mlango wa uani nami nikamfuata.

Nje hapakuwa na uwanja wangu. Tulikuwa kule juu, kwake, na mimi ni mdogo, gauni langu la shule limefika magotini, na chini ya miguu kuna nyasi fupi za ukingo wa mfereji. Mbingu ilikuwa imeingia weusi upande mmoja. Upande wa pili jua lilikuwa likiwaka, na njia ya kutoka barabarani ilionekana yote. Tulikuwa tunamngoja Babu.

Kisha mawe yakaanza kuanguka. Kwanza moja kwenye bati, halafu lingine, halafu hakuna mtu anayemsikia mwenzake. Migomba inakatwa majani mbele ya macho yangu. Maharage yaliyokuwa yakitambaa juu ya miti yanalala chini. Vifaranga vinakimbilia mama yao na havifiki. Mimi nacheka. Ninakumbuka kwamba kweli nilicheka siku ile, nilikuwa sijawahi kuona ardhi imekuwa nyeupe, nikachota barafu nikaitia mdomoni, na kwa miaka yote hiyo ndivyo nilivyoikumbuka siku hiyo, kama siku ya kucheza.

Lakini sasa ninageuka. Siku ile halisi sikugeuka. Ninamwona Bibi amesimama mlangoni, kijana bado, mikono ameikunja kifuani, na machozi yanamtoka bila sauti. Babu anapanda njiani na kifurushi cha nyama kimefungwa kwa majani, amekishika juu kisilowe. Anasimama pale shamba linapoanzia. Anatazama. Anakishusha kile kifurushi taratibu mpaka kinagusa barafu.

"Siku hii," Bibi anasema.

Nilitaka kumwambia pole, pole ambayo sikumpa nilipokuwa mtoto, lakini mdomo ulikuwa umejaa barafu, na nilipoitema ikatoka vumbi.

Vumbi liko kila mahali. Mlima umekuwa wa rangi ya majivu. Ndiva ina matope yaliyopasukapasuka, na katikati yake punda wa jirani amesimama, hakuna anayemtoa. Huu ni mwaka ule masika yaliposhindwa. Upepo unatoka tambarare unapanda juu, ambako siku zote upepo hushuka, na unabeba udongo wa mashamba yetu, udongo uliolimwa na kungoja mvua isiyokuja. Unapita juu ya vichwa vyetu, kahawia, mnene, unaelekea upande wa pili wa mlima kwa watu tusiowajua. Karibu na kanisa watu wanakimbiza mabati. Bibi yuko pembeni yangu, amejifunika khanga puani.

Kilango anakuja katikati ya vumbi lile. Ni kijana, kifua kipana, hajakohoa hata siku moja maishani mwake. Amebeba bati kichwani, amelishika kwa mikono miwili, upepo unamyumbisha. Anafika mpaka pale tuliposimama, analitua, ananitazama mimi tu.

"Umemwona mama?"

Bibi alikuwa hapo hapo. Bega lake lilikuwa limegusa langu. Nikamwonyesha Kilango kwa mkono, nikasema, huyu hapa. Alitazama nilipoonyesha, akatazama kwa bidii, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Kisha akatikisa kichwa. Akaniambia nisimtanie, ametafuta kila mahali, ametafuta kwa majirani na kwenye mfereji, na chakula kimepoa. Akaliinua bati lake akaondoka nalo, akiita. Alikuwa akiita kwa sauti ya mtoto.

Nilimwambia Bibi amwitikie.

"Haoni," alisema. "Nimesimama mbele yake miaka yote hii."

Nikamshika mkono ili tumfuate Kilango. Nilipoufunga mkono wake ndani ya wangu tulikuwa tumeshaingia jikoni kwake, na nje mvua inanyesha.

Nilijua ni siku gani. Chungu cha makande kiko motoni. Moshi haupati njia ya kutoka kwa sababu ya uzito wa mvua, unazunguka chini ya paa. Kilango yuko mlangoni na gunia mgongoni, amejifunika nailoni, na Bibi anamwambia yale ambayo Kilango alitusimulia sisi baadaye: kwamba tangawizi itaoza, kwamba amsalimie Nakijwa, kwamba mvua ikizidi alale huko huko. Nakijwa ni mimi. Niko pale ndani, nimesimama karibu na kuni, na ninasikia jina langu likitumwa kwangu.

Kilango anatoka. Ninamwona akishuka kwa kukanyaga pembeni pembeni mwa njia ili asiteleze. Sikumwita. Nilijua yeye atafika.

Bibi anafunika chungu. Anakaa. Ananyoosha miguu. Ninapiga magoti mbele yake na kumwambia tuondoke, Bibi, tumfuate Kilango, bado hajafika mbali. Ninamwambia juu ya ndiva, imejaa mpaka ukingoni. Ninamwambia ardhi ya juu imepasuka. Ninamwambia kila kitu ambacho watu walikuja kukisema baadaye, walipokuwa wameketi kwenye matanga, kila mmoja akieleza ishara alizoziona na kuzipuuza. Bibi ananisikiliza kama Kilango anavyowasikiliza wazee. Anasukuma ukuni ndani.

Nikamvuta. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, mkono wake ukaja, lakini yeye hakuja. Sikuona jeraha wala damu. Nilikuwa nimeshika kitu chepesi, kikavu, kinachopukutika kati ya vidole.

"Usinivute, mjukuu wangu. Nimeshapita."

Mlima ukalia. Nilifumba macho nikingoja kufunikwa. Nilingoja. Mvua ikakoma kama mtu aliyefunga bomba, na nilipofumbua macho tulikuwa bondeni, shambani kwangu, wakati wa palizi, na maharage yamefika magotini, mabichi, yenye afya. Sijawahi kuwa na shamba zuri kama lile. Juu yetu mchirizi mwekundu ulikuwa umelala kwenye mlima kama ulivyo mpaka leo. Na katikati ya mchirizi kulikuwa na kitu kidogo kinachosogea. Kinapanda, kinashuka. Kinapanda, kinashuka. Lilikuwa jembe la Kilango. Tuliliona likigonga, na mlio wake ulitufikia baadaye, likiwa limeshainuliwa tena.

Bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Sikuwahi kumwona akimtazama mtu hivyo alipokuwa hai. Alikuwa mwanamke wa kazi, macho yake yalikuwa daima kwenye mikono yake.

"Mwambie Kilango aache kuchimba," alisema. "Sipo kule."

Nikamuuliza yuko wapi basi, atuonyeshe, hata leo tutakwenda, Elineema ana nguvu, majirani watasaidia, jeneza litapatikana. Nilisema maneno mengi. Sijui kwa nini nilihangaika kumwambia habari za jeneza.

Aliinama. Akachota udongo katikati ya mistari ya maharage, akaunyanyua, akafungua kiganja. Upepo mdogo ulipita ukauchukua wote, hakikubaki kitu hata kwenye mikunjo ya mkono.

"Maji yalinishusha," alisema. "Nanyi mkanilima."

Nikatazama chini, kwenye miguu yangu. Nilikuwa peku. Sikujua nikanyage wapi. Nilitaka kusimama bila kugusa ardhi na hilo haliwezekani, hata ndotoni. Nikaanza kulia, na Bibi hakunifariji. Haikuwa kwa ukali. Alikuwa ameinua uso wake kuelekea juu, juu zaidi ya Kilango, mahali ambapo msitu umebaki umening'inia kwenye ukingo, na aliutazama ule msitu jinsi siku zote alivyolitazama wingu kabla ya kuanika mahindi.

Nikamuuliza kama siku hii itarudi.

Hakuyaondoa macho yake msituni.

"Mlima haujamaliza."

Nikamuuliza twende wapi. Nilimuuliza mara ya pili, na mara ya tatu nikamshika khanga. Nilimwambia nina watoto, nyumba ni hii, shamba ni hili, hatuna kwingine. Niliona usoni mwake kwamba hakuwa akinificha, kwamba kule alikokuwa hakuna mtu aliyemwambia. Upepo ukaongezeka. Mistari ya maharage ikaanza kufifia kwa vumbi, kisha miguu yake, kisha khanga yake niliyokuwa nimeishika ikawa ni vumbi hilo hilo. Hakuaga. Nilisikia jembe mara moja tena, kutoka mbali, na baada yake sikusikia kitu.

Nilipofumbua macho kulikuwa kumekucha. Upande wa Elineema kitandani ulikuwa mtupu, na kutoka uwanjani nilisikia mabenchi yakishushwa kwenye mkokoteni. Nilikaa kitandani nikayarudia maneno yale kwa midomo bila kutoa sauti, nikiogopa nisije nikayasahau kama ndoto nyingine zinavyosahaulika mtu akishanawa uso. Mwambie Kilango aache kuchimba. Sipo kule. Nilifikiri ningengoja mpaka ibada iishe. Halafu nikafikiri nimwambie mume wangu kwanza, anisaidie kupata namna ya kusema. Nikajifunga khanga nikatoka.

Mjomba Kilango alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anavaa viatu vyake vya mpira. Jembe alikuwa ameliegemeza ukutani. Siku ya ibada huwa anapanda alfajiri, anachimba kidogo, anashuka watu wakianza kuimba.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nimelalaje. Mgongo wake umekuwa mdogo. Shati lilimning'inia. Nilipouona ule mgongo nikajua sitaweza kungoja ibada.

"Mjomba," nilisema, "nimemwota Bibi."

Mikono yake ikasimama kwenye kiatu. Nikakaa chini karibu naye nikamsimulia. Nilimsimulia mvua ya mawe na Babu aliyesimama mwanzo wa shamba. Nilimsimulia vumbi, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuja na bati akimwulizia mama yake. Nilimsimulia jiko. Habari ya shamba langu na ule udongo kiganjani nilishindwa kuitoa, nikaipita. Nikafika kwenye ujumbe, nikausema kama nilivyopewa, sikupunguza wala kuongeza: kwamba aache kuchimba, kwamba Bibi hayupo kule.

Akakohoa, akageuza uso pembeni kwa heshima, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. Nilidhani atalia, au atakasirika, au atanikatalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo.

"Alikuwa amelowa?" aliuliza.

"Hapana. Alikuwa mkavu. Hata nywele."

"Afadhali," alisema. Alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini. "Afadhali. Kwangu alikuja amelowa."

Sikuelewa. Nikamuuliza alimjia lini.

"Mwaka ule wa kwanza. Mke wangu alikuwa bado hajaondoka." Alivuta kiatu, akakikanyaga vizuri. "Aliniambia hayo hayo uliyosema wewe."

Nilimtazama. Nikaikumbuka miaka yote iliyopita katikati, masika baada ya masika, watoto wake wanaokua Korogwe bila kumjua, kifua chake, wazee waliotoka pale juu wakitikisa vichwa na kusema kwamba maskini huyu hajakubali kwamba mama yake hatapatikana. Alikuwa amekubali kabla yetu sote. Tukamwonea huruma kwa matumaini ambayo hakuwa nayo.

Nikamuuliza, sasa unachimba nini, mjomba.

Elineema alipita na benchi begani, akamwamkia, na Kilango akasogeza miguu yake ampishe. Alingoja mpaka mume wangu akaingia ndani.

"Nikiacha," alisema, "nitaamka asubuhi niende wapi?"

Nilikuwa nimeuliza swali hilo hilo shambani, muda mfupi uliopita, nikiwa nimeshika khanga ya mtu, na sikujibiwa. Kilango aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango. Alinigusa kichwani, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto na yeye kijana, akaniambia nisimwambie mtu, watu watakuja wakiwa na huzuni zao, tusiwaongezee. Akachukua jembe akaondoka. Nilidhani baada ya maneno yale atatembea polepole zaidi. Alitembea mwendo wake wa siku zote, akavuka barabara, akashika njia ya kupanda.

Upande wa juu kulikuwa na wingu, si zito sana. Nilisimama uwanjani nikilitazama mpaka watoto waliponiita.

Mgeni wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyefiwa na watoto wake siku ile ya maporomoko. Nilimpokea mkoba, nikamkaribisha kwenye benchi, nikampa maji. Alipokwisha kunywa akatazama huku na huku, akaniuliza Kilango yuko wapi.

Nikamwambia amepanda kumtafuta mama yake.